Namba ya Simu Kwenye Pembe ya Kibao

Nilifika Walikale nikisukuma kinga, yaani baiskeli, iliyobeba madumu manne ya mafuta ya mawese. Nilikuwa nimetoka Kindu, nikapita Punia, nikapita Lubutu, kisha nikaingia msitu ambao barabara yake ilikuwa matope mekundu hadi kwenye ekseli. Siku kumi na saba. Mvua ikinyesha tulijikinga chini ya majani ya migomba pamoja na wasukuma kinga wengine, na kila mmoja alinicheka kwa sababu juu ya madumu yangu kulikuwa na kifurushi cha kitambaa ambacho sikukiacha kiloane. Ndani yake mlikuwa na brashi tatu.

Sikuwa mfanyabiashara wa mawese. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye diploma ya sekondari na miguu isiyotulia. Mafuta yalikuwa nauli tu. Niliyauza Walikale, nikaandika majina ya maduka mawili matatu, kisha nikapanda milima ya Masisi na kuteremka hadi Sake, pale barabara za Goma, Masisi na Minova zinapokutana. Nilisema nitapumzika wiki moja. Nikakaa miaka ishirini.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya vibao sasa. Najua wengi wenu mnatumia kompyuta, na herufi zenu hazitetemeki. Sina la kuwafundisha kuhusu kompyuta. Lakini kuna kitu nilijifunza kwenye pembe ya chini ya kibao, upande wa kulia, na hicho hakijabadilika.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Vitali, mzee mnene aliyechora mbele ya duka moja karibu na soko la Sake. Nilidhani tayari nafahamu. Akanipa bati moja niandike, ili anione. Lilikuwa la shule ya msingi, na maneno yalikuwa: jina la shule, kisha "Zawadi ya Honorable", kisha jina la huyo mbunge, ambalo lilikuwa refu. Nilianza kushoto kwa herufi nene za kujivunia. Nilipofika kwenye jina la mbunge bati lilikuwa limekwisha. Nikazibana herufi za mwisho, tatu nikaziteremsha chini kama zinashuka ngazi.

Papa Vitali aliangalia muda mrefu.

"Asumani, huyu Honorable umemuweka kwa dirisha. Kichwa iko ndani, miguu iko inje."

Ndiyo siku niliyojifunza kuhesabu herufi kwanza, kupata ile ya katikati, na kuanza nayo. Mengine yanafuata huku na huku. Alinifundisha pia uzi: unaupaka vumbi la makaa, unaunyoosha juu ya bati, unauvuta na kuuachia, nao unaacha mstari ulionyooka kuliko wa rula yoyote. Alinifundisha kwamba bati lisilopakwa rangi ya kuzuia kutu litaanza kulia machozi ya kahawia mwaka wa pili. Rangi nyekundu ni nzuri siku ya ufunguzi, lakini jua huila kabla ya zote. Nyeusi hudumu.

Kule Masisi adui ni ukungu. Unaweza kupaka asubuhi, na jioni rangi bado ni uji. Mara moja nilikiingiza kibao jikoni kwa mama mmoja ili kikaukie juu ya moto wake. Kilikauka vizuri. Ila rangi nyeupe iligeuka njano, na kibao chote kikanuka maharage. Mwakilishi wa mbunge alinusa, akaniangalia, akakibeba.

Jambo la mwisho ambalo Papa Vitali alinifundisha ni sahihi. Kila mchoraji huacha jina lake kwenye pembe. Yeye aliandika "Vitali" tu, kwa herufi ndogo kama chungu. Mimi nilikuwa wa kisasa. Simu zilikuwa zimeingia, na nilitaka wateja wanipate. Nikaandika "Deko Asumani" na namba yangu ya simu chini yake.

"Namba ya nini?" aliniuliza.

"Watu wanipigie, Papa."

"Watakupigia," alisema, akaendelea kukoroga rangi.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokuja. Mbunge hupata njia ya kuelekeza pesa za serikali zije kwao: darasa hapa, bomba la maji pale, daraja la miti kule. Ni pesa za wote, zangu na za mama anayeuza ndizi. Lakini zikishafika kijijini zinaitwa zawadi, na mimi ndiye niliyeandika hilo neno zawadi. Nimeliandika Masisi na Walikale mara nyingi kuliko jina langu. Sikujiuliza kitu. Niliuliza tu kama wanataka herufi zenye kivuli.

Kazi nyingi nilizipata kwa Kizito, mwakilishi wa mbunge mmoja ambaye nitamwita Honorable tu, kama tulivyomwita. Kizito alikuwa mtu wa haraka, mwenye viatu safi hata wakati wa mvua. Alileta bati na karatasi yenye maneno, na mara nyingi alitaka kibao kabla ya kitu chenyewe. Kuna kijiji upande wa Walikale ambako kibao cha kituo cha afya kilisimama peke yake katika nyasi kwa muda mrefu, mbuzi wakijikunia miguu yake. Wenyeji wakimwelekeza mgeni walisema, "Ukifika pa hospitali, kata kushoto." Mgeni alifika, akaona kibao na mbuzi, akakata kushoto.

Basi simu zikaanza.

Kwenye kibao kizima, pamoja na jina la mbunge, mwaka na neno zawadi, namba ya simu ilikuwa moja tu, yangu. Bomba likikauka, mtu alisogea karibu, akainama, akasoma pembe.

"Allo, njo Honorable?" yaani, ndiye Honorable?

"Apana, mama. Mimi ni muandishi wa kibao."

"Robine ya huku Lushebere haitoe maji tangu juma ya jana."

"Mama, mimi niliandika tu."

"Basi andika tena itoe."

Huyo wa Lushebere alikuwa amekimbia vita, akakaa kambini na watoto, na robine ile, yaani bomba la maji, ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Alinipigia siku tatu mfululizo, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha jirani arudishe jembe. Siku ya nne nilikuwa napita huko. Nikaifungua robine kwa spana ya kinga yangu, nikakuta kale kampira ka ndani kamekwisha. Nilikata kengine kutoka kwenye chubu ya gurudumu, nikafunga. Maji yakatoka. Akina mama wakanipigia makofi, wakanipa jina la Papa Namba.

Kuanzia hapo zikaongezeka. Bati la shule limeng'oka. Mlango wa zahanati umeibwa. Mwalimu mmoja aliniuliza mshahara wake uko wapi. Nilimpelekea Kizito habari zao, naye alicheka. "Asumani, wewe sasa njo depite, njo mbunge. Andika tu, kaka. Kazi yako ni kuandika."

Ningeweza kufuta namba. Nilifikiri hivyo mara nyingi. Lakini wateja pia walinipata kwa namba hiyohiyo.

Halafu likaja daraja la Kaserere.

Kaserere ni kijito kilichokata barabara kati ya milima ya Masisi na njia ya kwenda Walikale. Wakati wa kiangazi unakivuka kwa mawe. Mvua ikinyesha kinabeba ng'ombe. Daraja lilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa mikono yao, wakiongozwa na Papa Bauma, seremala mwembamba aliyekuwa amezaliwa hapo, na baba yake hapo. Honorable alileta misumari, mbao za juu, na magogo ya kubeba daraja. Ndivyo ilivyosema karatasi ya Kizito: magogo sita ya libuyu. Libuyu ni mti mgumu wa msitu wa Walikale, unaweza kuvunja shoka kabla haujavunjika wenyewe.

Nilifika na kibao changu siku mbili kabla ya ufunguzi. Papa Bauma alikuwa amekaa chini ya daraja, miguu majini, akiangalia juu.

"Papa, hii njo libuyu?" nilimuuliza, kwa sababu hata mimi niliona maganda.

"Hii ni mikaratusi. Tena ya juzi. Nilingoja libuyu mupaka Kizito akaniambia tarehe ya ufunguzi imepangwa, Honorable anakuja, nipige misumari."

"Itabeba ngapi?"

"Pikipiki. Mbuzi. Jeep, ikienda pole. Tuseme tani tatu. Fuso apana, hata tupu."

Nikamsomea karatasi. Ilisema niandike, chini ya jina la Honorable, kwa herufi kubwa: TANI 10.

Papa Bauma alifikiri. "Ule aliandika, alisha fika huku chini?"

"Apana."

"Basi," alisema.

Nikaandika kumi. Nalisema hivyohivyo bila kulizungusha, kwa sababu mtasikia watu wa kazi yetu wakisema "sikujua". Mimi nilijua. Nilijiambia kwamba maneno ni ya aliyeyatuma, kama vile mtu wa posta hajibu barua. Tena ilikuwa kumi nzuri: moja imesimama kama askari, sifuri mviringo kama yai, nyeusi juu ya nyeupe, inaonekana kutoka kona ya mlima. Kwenye pembe nikaweka jina langu na namba yangu. Honorable alikata utepe, akavuka daraja kwa miguu, akapiga picha, akavuka tena.

Miezi michache baadaye nilikuwa juu ya ngazi huko upande wa Masisi, naandika juu ya mlango wa darasa jipya. Kizito alikuwa chini, ameshika karatasi ya maneno. Simu ikalia. Nilikuwa na brashi mkono mmoja, nikaibana simu kwa bega.

"Allo, Deko Asumani? Mimi ni Kambale, shofere wa Fuso ya Mama Kahindo wa Sake. Niko hapa Kaserere."

Mama Kahindo nilimjua, mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo, nilikuwa nimemwandikia duka. Nikasikia nyuma ya sauti ya dereva mvua, injini, na mtu mwingine akipiga kelele.

"Kuko muzee mumoja hapa amelala mbele ya gari," Kambale alisema. "Anasema daraja inabeba tatu. Kibao inasema kumi. Honorable hana namba hapa, iko yako tu. Sasa nani anasema kweli?"

Nikatazama chini. Kizito alikuwa ananitazama.

"Ni nani?" akauliza.

"Umebeba nini, kaka?" nilimuuliza Kambale.

"Maharage na viazi. Na watu wako juu ya mizigo, bamama na batoto yao. Maji inapanda. Haraka, papa."

"Muzee anasema kweli. Ni tatu."

"Wewe njo uliandika kumi?"

"Ni mimi."

"Na sasa unasema tatu. Niamini mukono yako ao kinywa yako?"

"Kinywa. Shusha watu wote, Kambale. Wote. Wavuke kwa miguu, na weye usipite."

"Asumani," alisema Kizito kutoka chini, polepole. "Unaongea na nani?"

Nilirudia kwenye simu, kwa sauti, ili wote wawili wasikie: "Shusha watu. Ni tani tatu."

Kambale aliwashusha, na yule mzee, Papa Bauma, akainuka mbele ya gari. Akashusha na nusu ya magunia. Kisha, kwa kuwa kijito kilikuwa kinajaa na upande ule hakuna pa kugeuzia gari, akafanya kile madereva hufanya: akajaribu. Wanawake walisimama kwenye mvua na kumwangalia. Magurudumu ya mbele yalivuka. La nyuma lilipofika katikati, gogo lilipasuka, mbao zikafunguka, na Fuso likaketi, matako ndani ya maji, kichwa juu ya ukingo. Kambale alitokea dirishani. Viazi vilienda na kijito. Pale juu ya mizigo, walipokuwa wamekaa akina mama, paliinama hadi majini, na turubai lote likafunikwa na maji.

Nilifika alasiri kwa pikipiki. Watu walikuwa bado ukingoni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alinikaribia, akanipima kwa macho.

"Njo weye namba?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimekaa pale," alisema, akaonyesha turubai.

Papa Bauma alikuwa chini ya daraja, kama nilivyomwacha mara ya kwanza. "Sasa uandike sifuri," aliniambia.

Wiki iliyofuata walilitoa Fuso kwa kamba na wanaume wa vijiji vitatu, wakaziba daraja kwa mikaratusi ileile, hawakuwa na nyingine. Nami nikarudi na rangi nyeupe. Kuna jambo hapa la ufundi: nyeusi haifunikwi kwa mkono mmoja wa nyeupe, itaonekana kama mtu nyuma ya pazia. Paka mara tatu, uache ikauke kati yake. Nilikaa siku mbili nikingoja ukungu uondoke ili kuifuta kumi niliyoiandika kwa saa moja. Juu yake nikaweka 3.

Kizito alikuja kunikuta nikifunga makopo.

"Kibao ni ya Honorable."

"Namba ni yangu," nilimwambia.

"Basi kaa na namba yako." Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kutoka kwake. Wawakilishi wa wabunge wanajuana. Wengine nao hawakupiga tena.

Wakati wa kampeni Honorable alirudi Kaserere. Alisimama karibu na daraja, watu wakajaa. Mimi nilikuwapo kwa sababu Papa Bauma aliniita. Honorable alizungumza vizuri, ni kazi yake. Alipomaliza, yule mwanamke aliyekuwa kwenye Fuso akanyoosha mkono.

"Honorable, kwa nini kumi yako imekuwa tatu?"

Aligeuka, akakiona kibao, nadhani kwa mara ya kwanza tangu picha. "Nani aligusa hii?"

Watu wakanionyesha.

"Wewe ni fundi wa madaraja?"

"Apana, Honorable. Mimi ni ule wanapigiaka simu."

Watu walicheka, naye akacheka nao, akisubiri kicheko kiishe. Hakikuisha haraka. Mwanamke alikuwa bado amenyoosha mkono. "Basi utupatie namba yako, tuache kumusumbua huyu."

Honorable akataja namba, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita. Watu kumi wakaipiga palepale. Ikalia mfukoni mwa Kizito.

Kizito alijipapasa kuizima, simu ikalia tena. Papa Bauma hakungoja. Alisogea mbele, kofia mkononi, akasema kwa heshima kabisa: "Honorable, tuliahidiwa libuyu sita. Tunaomba zile sita. Jina yako tutaiacha pale pale."

Libuyu zilikuja kabla ya uchaguzi. Nne. Sijui mbili zilikwenda wapi na sitasema nisichokijua. Pamoja nazo kilikuja kibao kipya kutoka Goma, lakini si cha bati. Kilikuwa turubai lililochapishwa, lina picha ya Honorable akitabasamu na daraja lililo zuri kuliko letu. Herufi zake zilikuwa safi sana. Nilizunguka nikatafuta kwenye pembe. Hapakuwa na jina la mtu wala namba.

Ndipo nilipojua kazi yangu imekwisha. Papa Vitali alikuwa ameshafariki. Sake ilikuwa imehama kwa vita na kurudi mara nyingi kiasi kwamba nusu ya maduka niliyoyaandika yalikuwa na wenyewe wengine, huku majina ya wale wa kwanza yakiwa bado juu ya milango. Na miguu ilikuwa imeanza tena kutotulia. Nikauza ngazi na makopo. Brashi tatu nikazifunga katika kitambaa, zile zile.

Siku niliyoondoka nilikuwa Kirotshe, kando ya ziwa, nangoja boti ya kwenda Bukavu. Simu ikalia. Nilidhani ni robine.

"Asumani, ni Bauma. Hatukungoja tena. Tumekata zile mbili wenyewe, tumezipandisha na kamba. Daraja imekwisha, mbao mupya, misumari mupya. Kuja utuandikie kibao kidogo cha bati. Tuliangalia tukaona Fuso inaweza kupita. Uandike saba."

"Nimesha ondoka, Papa. Boti iko inakuja."

"Sasa nani ataandika?"

"Weye. Bati iko kwako, ile ya zamani. Rangi nyeusi niliacha kwa ule mama alinikaushia kibao jikoni. Hesabu herufi, anzia katikati. Kisha kwa pembe, chini, mukono ya kuume, uweke jina yako na namba yako ya simu."

"Namba yangu miye?"

"Ndiyo, Papa. Wakipiga, ni weye utaitika."

Boti ilikuwa imeshagusa ukingo na watu wameanza kupanda na kuku wao. Kwenye simu nilisikia maji ya Kaserere yakipita.

"Ngoja," alisema Papa Bauma. "Nishuke tena chini kwanza niangalie ile gogo ya katikati."